Fundi na Kijumba cha Baa ya Kiayalandi

Mdogo wangu ni seremala, na mtaa mzima humwita Fundi tu, kana kwamba mafundi wengine wote wanacheza. Alizaliwa nyuma yangu. Nilimbeba mgongoni mpaka miguu yake ikawa inaburuza chini, na hadi leo akikosea namgombeza mbele ya wajukuu zake. Kwa mama yetu tumebaki mimi na yeye. Nalisema hili mapema ili asitokee mtu wa kuniuliza nilifuata nini baa kwa umri wangu.

Karakana aliirithi kwa baba. Ni banda refu la mabati, meza ya kazi katikati, randa na patasi zimetundikwa ukutani kwa ukubwa wake, na vumbi la mbao lililokuwepo tangu hatujaota meno. Anatengeneza vitanda, makabati, milango na majeneza. Majeneza ndiyo yaliyotulisha siku zote, maana mtu anaweza kuahirisha kabati.

Baba alikuwa na sheria zake. Kitanda hupimwa kwa futi, alisema, lakini maiti hupimwa kwa kamba. Ni kamba nyembamba ya pamba. Unaianzia utosini unaishusha mpaka kisiginoni, na pale mtu anapoishia unafunga fundo. Mbao zinakatwa kwa kufuata kamba hiyo, na siku ya mazishi kamba inawekwa ndani pamoja na mwenyewe, chini ya kichwa. Hairudi karakana. Na kamba haimgusi aliye hai, hata kwa mzaha. Siku moja mimi nilimzungushia mdogo wangu kiunoni tukicheza farasi, baba akanipiga kofi nikaona nyota mchana. Hakueleza kwa nini. Na sisi hatukuuliza, tulijua tu.

Sasa wifi yangu, mke wa Fundi. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga msasa na kupaka vanishi. Mume anakata, mke anang'arisha. Alikuwa mfupi, kifua mbele, mdomo hauna breki. Akichoka kazi alikuwa akivunja vidole, kat, kat, kat, kimoja baada ya kingine, na mimi jambo hilo lilinichefua nikamwambia, akazidisha. Tuligombana maisha yetu yote kama mawifi wanaojiheshimu.

"Wifi," aliniambia siku moja, "wewe ukifa watakuzika umesimama, kwa ubishi ulio nao."

"Na wewe," nikamjibu, "mdomo wako utachimbiwa kaburi lake peke yake."

Alicheka mpaka akamwaga vanishi.

Akaugua. Ugonjwa ulimla polepole mpaka yule mtu wa kifua mbele akawa anageuzwa kitandani kama nguo. Fundi alimuuguza mwenyewe, hakutaka msaada, hata wangu. Akafa. Kaka zake wakaja na jeneza la dukani, lina mishikio ya njano inayong'aa na kitambaa cha kumetameta ndani, wakasema dada yao hataingia kwenye mbao za karakana. Nilimtazama mdogo wangu nikitegemea atawaka. Alisimama tu, mkono mmoja mfukoni. Nikadhani ni msiba.

Baada ya msiba alikuja mtu mmoja karakana, kavaa kofia ya kijani iliyolala kichwani kama chapati, hivyo tukamwita Kofia. Alikuwa amekodi ukumbi mkubwa katikati ya jiji, chini ya jengo la maofisi la vioo, na alitaka kuufanya baa ya Kiayalandi. Alikuja na picha. Kila kitu mbao nyeusi: kaunta, nguzo, makabati ya chupa, dari. Na mwishoni mwa kaunta alitaka kijumba kidogo cha mbao, chenye mlango wake na kidirisha cha kupokelea kinywaji. Alieleza kwamba huko Ayalandi zamani mtu asiyetaka kuonekana akinywa alijificha humo. Nikasema moyoni, kumbe watu ni wale wale.

Fundi aliichukua kazi ile. Ilimpa mahali pa kuweka mikono. Kofia akafurahi, baa ikafunguliwa, na binti wa Fundi akapata kazi ya uhudumu humo humo. Tukaona mambo yamekaa sawa.

Kumbe. Siku moja binti yule alikuja kwangu na aproni yake ya kijani hajaivua.

"Shangazi, baba hatoki."

"Hatoki wapi?"

"Kwenye kile kijumba. Tukifungua anaingia, tukifunga ndipo anaondoka. Karakana imefungwa, wateja wanagonga wanaondoka. Hali chakula. Nikimpelekea sahani anasema weka hapo, nairudisha vile vile."

"Amekuwa mlevi?"

"Angekuwa mlevi ningeelewa. Anaagiza soda ya tangawizi na hainywi." Akaanza kulia. "Shangazi, anamfuata mama. Namwona kwa macho yangu anaondoka, na mimi napita mbele yake na trei."

Nikavaa viatu. Nilijiapia kwamba siku ile narudi naye, kwa heri au kwa kumburuza. Sikuwa tayari kumzika mtu niliyembeba mgongoni.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Mimi sikuwahi kuingia baa, na nilikuwa nimejiandaa kwa aibu, lakini aibu yenyewe haikupata nafasi kwa kelele zile. Watu wamejaa mpaka mlangoni, vijana wa maofisini, tai zimelegea, mabinti na pochi zao. Juu ya jukwaa dogo kuna wanamuziki: mmoja fidla, mmoja filimbi ya bati, mmoja ngoma bapa kama ungo. Watu wanapiga meza na kuimba maneno ambayo, nawaapia, hakuna hata mmoja wao aliyeyaelewa, lakini waliyaimba kwa uchungu kama waliofiwa. Bia yao nyeusi kama masizi, juu ina povu jeupe, na ikishamiminwa lazima iachwe itulie kwanza. Wanaisubiri kwa adabu, mikono mezani, kama wanangoja dawa.

Kofia akanipokea kwa mikono miwili.

"Karibu, mama! Karibu Ayalandi!"

"Wewe umeshafika huko?"

"Kufika sijafika, mama. Lakini picha nimeziona zote."

"Basi na mimi peponi nimeshafika."

Akacheka, hakukasirika. Si mtu mbaya. Kuta zake zote zimejaa vitu vikuukuu: baiskeli imetundikwa, jembe, viatu vilivyokauka, cherehani, chupa za vumbi. Huwezi kujua kama mwenye nyumba anahama au anahamia. Na picha za wazee wa Kizungu wenye masharubu, macho makali, wanatutazama tu.

"Hawa ni kina nani?" nikamuuliza binti.

"Hatujui, shangazi. Walikuja ndani ya boksi."

Hapo mwili ulinisisimka kidogo. Watu wa watu, wana watoto wao mahali, wametundikwa hapa na hakuna anayejua hata jina la mmoja.

Kwenye mlango wa kijumba kulikuwa na kibao kimeandikwa kwa rangi ya dhahabu. Nilikisoma taratibu, neno kwa neno: Hapa hukaa Bibi wa Ayalandi. Mwachie nafasi. Mabinti wawili walikuwa wakijipiga picha mbele yake, wamejitoa macho ya woga wa kuigiza.

"Bibi gani huyu?" nikauliza.

Binti akainamisha uso. Akanieleza kwamba baa ilipofunguliwa tu, watu walioketi kijumbani walianza kusema benchi lina baridi. Mmoja akasema kuna mtu aliketi pembeni yake, akageuka hakumwona. Mwingine aliacha bia yake nusu akatoka bila kuaga. Kofia aliposikia, badala ya kuogopa akapiga makofi. Baa ya kweli ya Kiayalandi lazima iwe na mzimu, alisema. Akatunga kisa cha bibi wa Kizungu anayemsubiri mume wake baharia, akaandika kibao, na watu wakaongezeka.

"Na baba yako?"

"Baba ndiyo tangu siku ile ya kibao haondoki."

Nikaingia nikafunga mlango nyuma yangu. Kelele zilipungua, hazikuisha. Zilikuwa kama za nyumba ya jirani. Fundi alikaa ukingoni kabisa mwa benchi, bega limegusa ukuta, na benchi lote lililobaki liko tupu. Shati lilimning'inia kama limeanikwa. Penseli ilikuwa bado sikioni. Soda mbele yake, imekufa gesi.

"Dada," akasema. "Nani kakuleta?"

"Miguu yangu. Simama twende."

"Siwezi kumwacha peke yake na hawa."

Nikataka kuketi, magoti yalikuwa yananiuma. Akaruka kama ameungua.

"Usikae hapo!"

Nikabaki nimesimama, mkono mezani. Nimemjua mdogo wangu katika hasira, katika njaa na katika uongo. Sauti ile sikuwa nimewahi kuisikia.

"Haya," nikasema. "Nieleze nikiwa nimesimama. Lakini eleza yote."

Akatoa mkono mfukoni. Katika kiganja kulikuwa na kamba ya pamba, imekuwa chafu kwa kushikwa, na karibu na mwisho wake fundo.

"Ya nani?" niliuliza, ingawa nilishajua.

"Nilimpima, dada. Akiwa hai."

Huko nje walikuwa wakipiga meza zao. Akaendelea.

"Daktari alishaniambia. Nikajua anaondoka. Nikasema mke wangu sitampima harakaharaka watu wakilia uani. Nitamtengenezea lake kwa nafasi, mbao zishikane kwa meno, msumari usiingie hata mmoja. Alikuwa amelala. Nikainyoosha kamba kutoka utosini mpaka kisiginoni, nikafunga fundo. Nilipoinua macho, ananitazama."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Yeye, dada! Mdomo ule wote. Akageukia ukutani. Na hakufungua kinywa tena mpaka mwisho."

Akalifunika fundo kwa kidole gumba.

"Mbao nilikuwa nimeshazikata. Kaka zake wakaja na la kwao. Nikazificha chini ya rundo. Halafu Kofia akawa ananiharakisha, mbao zimepungua, nikasema basi, acha nimweke hapa. Alipenda watu, alipenda kelele. Ndiyo hizi." Akalipapasa benchi bila kuligusa vizuri, kama mtu anavyompapasa mtoto aliyelala. "Urefu wake kamili. Na sasa wanamfanya Mzungu. Wanamwambia Bibi wa Ayalandi. Dada, mke wangu hata sweta hakuwahi kuwa nalo."

Ningecheka, na wifi angecheka kuliko mimi. Lakini mdogo wangu alinitazama akasema, "Kamba ilimwita. Nimemuua mimi. Nakaa naye mpaka aniite na mimi."

Ningeweza kumdanganya. Ningesema wifi aliniambia kabla hajafa kwamba hana kinyongo. Angeniamini, kila siku ananiamini. Lakini mimi na wifi hatukuwahi kudanganyana tulipokuwa tunagombana, na sikuona sababu ya kuanza kumsemea sasa ambapo hawezi kunijibu. Alichokiwaza akiwa ameelekea ukutani anakijua mwenyewe.

Nikavua viatu. Nikavipanga chini ya meza.

"Dada, unafanya nini?"

"Nalala."

Nikapanda juu ya benchi, nikajinyoosha chali, nikashusha gauni langu vizuri. Alipiga kelele. Kidirisha cha kaunta kikafunguka, uso wa binti ukatokea.

"Shangazi jamani! Watu wanaona!"

"Waone. Nimelipia nguo zangu."

Nyuma yake akachomoza Kofia, macho yanang'aa. "Mama, tulia hivyo hivyo, nimwite mwenye kamera."

"Ukileta kamera nitaimeza. Funga hicho kidirisha."

Kikafungwa. Nikamgeukia mdogo wangu. "Nipime."

"Hapana."

"Unasema kamba inaua. Mimi hapa niko hai, nimeshiba, nina hasira. Nipime tuone."

"Baba alisema—"

"Baba alikufa kwa kuanguka kutoka juu ya paa, kamba iko nyumbani. Nipime."

"Dada, nimebaki na wewe tu."

"Na mimi nimebaki na nani? Unataka nirudi nyumbani nikakae nasubiri mtu aje aniambie umeoza ndani ya baa? Ama unanipima, ama silinyanyui paja langu hili kutoka hapa. Na wewe unanijua."

Ananijua. Akaja na kamba, akaiweka utosini kwangu. Kamba ilikuwa na joto la mfuko wake. Akaishusha kifuani, tumboni, magotini, fundo likaishia hapo, kipande kilichobaki kikaning'inia. Miguu yangu ilikuwa imepitiliza nje ya benchi, maana mimi ni mrefu na wifi alikuwa mfupi.

"Fundo haliniwezi," nikasema. "Lifungue."

Hapo ndipo alipovunjika. Alikuwa amelibana fundo lile kila siku mpaka limekuwa kama jiwe. Akajaribu kucha, halikulegea. Akalitia mdomoni, akalivuta kwa meno, analia huku anavuta, mate na machozi vinamtiririka kwenye kidevu, mzee wa watu. Sikumsaidia. Nilitazama dari aliyoipaka mwenyewe nyeusi.

Na nilipokuwa nimelala vile nikasikia chini ya mgongo wangu: kat. Kimya kidogo. Kat, kat.

Mbao hulia zinapokauka, mimi nimekulia karakana, silishangai hilo. Lakini zile zilikuwa zimekauka kabla wifi hajaugua. Na sauti ilikuwa ikitembea, kimoja baada ya kingine, kama vidole. Baridi ikanipanda kutoka kiunoni mpaka mabegani. Ubavuni mwangu, upande wa ukuta ambako hakuna mtu, benchi likazama kidogo.

Sikumwambia Fundi. Nilisema kwa midomo tu, bila sauti: Sogea kidogo, wifi. Namchukua mumeo nyumbani.

Fundo likafunguka. Akaivuta kamba mpaka kisiginoni kwangu, akafunga jipya. Kazi ya fundi ni kazi ya fundi: hata akilia, fundo lilikaa pale pale panapotakiwa.

"Haya," nikasema. "Nimekufa?"

"Bado."

"Sema vizuri."

"Hujafa, dada."

"Basi nipe mkono, mgongo wangu unaniua kuliko kamba yako."

Tulitoka pamoja katikati ya watu wanaoruka na kuimba. Mtu mmoja akatupisha njia, akadhani ni wazee waliolewa. Binti alinishikia viatu mpaka mlangoni kwa sababu nilisahau kuvivaa.

Fundi alirudi asubuhi moja na vifaa vyake akaling'oa benchi, akaweka jingine la mbao za kawaida. Kofia alinung'unika, lakini kibao hakukitoa, na nasikia watu mpaka leo wanaingia wanasisimkwa na kutoka mbio kwa benchi ambalo halina lolote. Zile mbao tulizifukia ubavuni mwa kaburi la wifi, Fundi na binti yake wakichimba, mimi nimewashikia mwavuli. Kamba niliichukua. Ni yangu sasa, na hairuhusiwi kulala karakana.

Anakula. Karakana iko wazi, randa inasikika mpaka barabarani. Watu wananipongeza, wanasema dada kama huyu hayupo.

Ila kuna jambo hawalijui. Kila asubuhi kabla hajafungua karakana, mdogo wangu anapita dirishani kwangu. Hagongi kwa nguvu. "Dada," anasema. Nami naitika, "Nipo." Anasimama kidogo, halafu nasikia hatua zake zinaondoka. Nikichelewa kuitika, nasikia pumzi yake kwenye kioo.

Sikulifikiria hili nilipolala kwenye benchi lile. Nilitaka kumwonyesha kwamba kamba haiui, na nimemwonyesha, lakini ushahidi wenyewe ni mimi, na mimi ni mzee. Mvua zilizopita nilibanwa kifua, daktari akataka nilazwe. Nikakataa. Nani angeitika? Binti alinisihi mpaka akapiga magoti, nikamwambia anipe dawa ninywee kitandani kwangu, karibu na dirisha. Usiku nilikuwa najizuia kulala usingizi mzito. Mtu mzima naogopa usingizi kama mtoto, si kwa ajili yangu.

Nimemkalisha Fundi mbele ya binti yake nikamwambia waziwazi: siku nitakaponyamaza ni uzee umenichukua, wala hakuna mkono wa mtu wala kamba. Akasema, "Ndiyo, dada." Lakini alikuwa anaitazama miguu yangu, mpaka kisiginoni. Ndiyo maana nimeyaweka haya kwa maandishi, binti ayasome kwa sauti siku hiyo hata kama baba yake ameziba masikio.

Leo asubuhi nilimsikia kabla hajasema neno. Nilitaka kuitika, sauti haikuja. Kifua kilikuwa kimejaa. Kivuli chake kilisimama kwenye pazia, hakisogei, na mimi nimelala chali nimenyooka nakitazama. "Dada," akasema. Nikakohoa, nikakohoa tena mpaka sauti ikapatikana.

"Nipo."

Hakuondoka.

"Sema tena."

"Nipo, nimesema! Nenda kazini, watu wanangoja milango yao."

Kivuli kikabaki pale muda mrefu, kisha kikaondoka. Nikashusha miguu chini, nikakaa kitandani, nikaanza kuitunza sauti ya kesho.